Redio ya polisi na zimamoto, kufungwa au kuachwa wazi: ulinganisho kwa wanaochagua Mtwara na Lindi

Mtu aliyekulia karibu na hospitali ya misheni katika mikoa hii ya Kusini anaifahamu redio ya upepo. Asubuhi ilikuwa ikiita kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila mwenye chombo kilichowekwa kwenye masafa yale alisikia dawa ipi imekwisha, gari lipi limekwama na mgonjwa yupi anasubiri kupelekwa. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu redio ilieleweka kuwa ni baraza: ukisema, umesema mbele za watu. Leo redio koli iko kiunoni mwa askari, mkononi mwa mlinzi wa ghala la korosho, kwenye meza ya bandari na ndani ya gari la zimamoto, na wanaoidhinisha ununuzi wake wanaulizwa kama baraza lile liendelee au mlango ufungwe.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya usimamizi wa maafa, meneja wa ghala, mwenye kampuni ya ulinzi na mwandishi wa redio ya kijamii, yaani watu ambao ama watanunua, ama watashauri, ama watalazimika kuishi na uamuzi uliofanywa na wengine. Msimamo wangu niutoe mapema: polisi na zimamoto huwekwa kapu moja katika mjadala huu ilhali kazi zao zinataka mambo yanayopingana, na anayewachagulia wote wawili kwa jibu moja atamkosea mmoja wao.

Tofauti yenyewe iko wapi

Redio iliyo wazi hupandisha sauti kwenye wimbi kama ilivyo, na yeyote mwenye kipokezi kilichowekwa kwenye masafa yaleyale, akiwa ndani ya eneo mawimbi yanapofika, anasikia. Polisi wa Detroit, Marekani, walianza mwaka 1928 kurusha taarifa kwa magari yao ya doria, na tangu siku hizo raia wa nchi ile wamekuwa wakisikiliza. Baadaye ikaja skana, kipokezi kinachoruka kutoka masafa hadi masafa na kusimama pale kinapokuta sauti, na siku hizi kuna watu wanaoipokea sauti hiyo nyumbani na kuirusha kwenye intaneti, ili aliye upande wa pili wa dunia aisikie kwenye simu.

Redio iliyofungwa hufanya kazi kwa namna nyingine. Sauti hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, kisha tarakimu hizo huchanganywa na ufunguo wa siri, na kile kinachotoka hewani hakimwambii kitu asiyekuwa na ufunguo uleule. Hilo ndilo linaloitwa usimbaji fiche. Mifumo mikubwa ni TETRA, iliyotoka Ulaya, na P25 ya Marekani. Pamoja nayo iko DMR, ambayo ni nafuu zaidi na inatumiwa sana na makampuni, migodi na viwanda.

Hapa kuna kosa ambalo linawagharimu wanunuzi wengi. Dijitali, yaani kugeuza sauti kuwa tarakimu, si sawa na kufungwa. Muuzaji akikuambia kwamba redio zake ni za dijitali na kwa hiyo hakuna wa kukusikia, amekuuzia mlango usio na komeo, kwa kuwa redio ya DMR isiyowekewa ufunguo inasikika kwa kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye bei ya takriban dola 30 za Marekani, pamoja na programu ya bure. Kufunga ni hatua ya ziada, mara nyingi yenye leseni yake na bei yake, na mnunuzi ambaye hakuiandika kwenye mkataba asitegemee kuikuta ndani ya boksi.

Sheria kabla ya mengine

Nchini Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu raia kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto ambayo hayakufungwa, ingawa yako majimbo yanayozuia skana ndani ya gari. Uingereza inakataza kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu. Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria, na masafa pamoja na vifaa vya redio vinasimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa hiyo msomaji wa Shangani au Chikongola asiuchukue ulinganisho huu kuwa ruhusa ya kuagiza skana na kukaa nayo barazani akisikiliza doria. Chaguo lililo mikononi mwetu ni la aina nyingine: nani kati ya wanaookoa asikiane na nani, na mwananchi ambaye hasikilizi redio apewe taarifa kwa njia gani na kwa haraka kiasi gani.

Polisi: hoja ya kufunga ina uzito

Katika kazi ya polisi yapo mambo matatu yanayodai ufiche. La kwanza ni usalama wa askari aliye njiani. Mwizi mwenye redio ndogo anayesikia kwamba gari limetoka kituoni kuelekea anakoiba anapata dakika ambazo hakustahili, na katika mkoa unaopakana na mto Ruvuma jambo hili si la wezi wa kuku. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi kutoka upande wa Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mtu anayetaka njia na idadi ya askari wa doria ya mpakani zisikike wazi hewani ana kazi kubwa ya kuwaeleza wakazi wa kando ya mto ule.

La pili ni faragha, na hili husahaulika kwa sababu wanaojadili redio hupenda zaidi habari za majambazi. Redioni hupita jina la mwanamke aliyepigwa na mumewe, umri wa mtoto aliyedhulumiwa, namba ya nyumba ya mgonjwa wa akili, namba ya kitambulisho cha mtu ambaye pengine hana kosa lolote. Katika mji kama Lindi au Newala, ambako ukitaja mtaa na ukoo watu wamekwisha kumjua mhusika, masafa yaliyo wazi ni sawa na kumwanika. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazidai taasisi zinazoshika taarifa hizo zizitunze. Jimbo la California liliwahi kulikabili jambo hilihili: mwaka 2020 idara yake ya sheria iliwataka polisi ama wafunge mawasiliano, ama waweke utaratibu wa kutokutaja taarifa za watu redioni. Tuizingatie sehemu ya pili ya agizo lile. Mji wa Palo Alto ulifunga kila kitu mwanzoni mwa mwaka 2021, ukaona umezidisha, na mwaka 2022 ukafungua tena, huku askari wake wakielekezwa kupeleka majina na namba kwa njia nyingine. Kufunga, basi, ni njia mojawapo tu ya kulinda faragha, na nidhamu ya ulimi ni njia nyingine isiyohitaji dola hata moja.

La tatu ni operesheni maalumu, na hapo sina la kuongeza, zifungwe.

Zimamoto: hapa ndipo napingana na wanaofunga vyote

Moto hausikilizi redio. Sentensi hiyo inaonekana ya mzaha, lakini ndiyo msingi wa tofauti. Mhalifu anaweza kufaidika na taarifa za polisi, wakati moto wa ghala la korosho, lori la mafuta lililopinduka kwenye mteremko wa Mikindani, au nyumba iliyozingirwa na maji hauna cha kufaidika na kusikia kwamba bomba la pili linahitajika. Anayefaidika na uwazi ule ni jirani anayeweza kusaidia: gari la maji la kiwanda, kikosi cha uwanja wa ndege, wauguzi wa Ligula wanaojiandaa kupokea majeruhi, mlinzi anayejua geti lipi limefungwa na nani ana ufunguo.

Mfano unaotajwa sana katika taaluma ya uokoaji ni ule wa New York, tarehe 11 Septemba 2001. Baada ya jengo la kusini kati ya majengo pacha ya World Trade Center kuanguka, askari waliokuwa kwenye helikopta za polisi waliona hali ya jengo la kaskazini na kutoa tahadhari, lakini wazimamoto waliokuwa ndani hawakuwa kwenye masafa ya polisi, na wengi hawakuipata. Siku ile walikufa wazimamoto 343. Niseme wazi kwamba tatizo la pale halikuwa usimbaji fiche. Lilikuwa ni vikosi viwili visivyosikiana. Hata hivyo ndilo tatizo lilelile ambalo kufunga kunaweza kulizalisha upya, kwa sababu kila ufunguo unaogawiwa kwa kikosi kimoja na kusahaulika kwa kingine hujenga ukuta wa aina ileile, tena ukuta usioonekana hadi siku ya msiba.

Kuna jambo jingine la kifundi ambalo wauzaji hawalitaji. Redio ya analogi, yaani ile isiyogeuza sauti kuwa tarakimu, ikifikia mwisho wa nguvu zake huanza kukwaruza, sauti ikafifia huku bado ukiambulia neno moja moja, na mtu aliyezoea huunganisha maneno hayo akaelewa. Redio ya dijitali husikika safi, safi, safi, kisha kimya. Tena mtambo unaogeuza sauti ya mtu kuwa tarakimu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Ukiuwekea msumeno wa injini au king'ora cha mtungi wa hewa unaokwisha, maneno huharibika. Mwaka 2008 chama cha kimataifa cha wakuu wa zimamoto kilitoa taarifa juu ya kasoro hiyo hasa, na ndiyo sababu vikosi kadhaa vya Marekani viliendelea kutumia analogi kwa mawasiliano ya mtu na mtu kwenye eneo la moto hata baada ya kununua mifumo ya dijitali kwa mawasiliano ya mbali. Kwa kuwa usimbaji fiche wa maana unahitaji dijitali, anayefunga redio ya mzimamoto anampa pia tabia hiyo ya kukatika ghafla, ndani ya moshi, nyuma ya kuta za zege.

Bahari inatupa ushahidi ulio karibu zaidi. Chaneli 16 ya VHF, megahezi 156.8, ndiyo ya wito wa dharura baharini, na imeachwa wazi kwa makusudi duniani kote, kwa sababu meli iliyo karibu na chombo kinachozama kati ya Msimbati na Kilwa huenda isiwe ya polisi, isiwe ya serikali, wala isiwe ya Tanzania. Marubani nao huzungumza na mnara wakiwa wazi, ili rubani mwingine asikie nani anashuka. Mabaharia na marubani walikwisha kuamua kwamba katika uokoaji kusikika ni bora kuliko kufichika, na mzimamoto ni ndugu yao wa karibu kuliko alivyo ndugu wa mpelelezi.

Iko sehemu moja ya kazi ya zimamoto inayostahili ufiche, nayo ni taarifa za mgonjwa: jina, ugonjwa, hali yake. Hiyo ipitie kwenye simu au chaneli yake ya pembeni.

Kufuli lenyewe lina nguvu gani

Anayechagua kufunga asiridhike na neno "imefungwa". Katika redio za DMR za Motorola, kwa mfano, kiwango cha chini kabisa cha faragha kina funguo 255 tu za kuchagua, kiasi ambacho mtu mwenye subira anaweza kujaribu zote. Kiwango cha AES, njia ya usimbaji inayotumika duniani kote, chenye ufunguo wa biti 256 hakijulikani kuvunjwa kwa njia ya kujaribu funguo. Kati ya viwango hivyo viwili kuna tofauti kama ya kamba ya katani na mnyororo wa meli, ilhali kwenye karatasi ya bei vyote viwili vinaweza kuitwa ulinzi wa sauti.

TETRA nayo ilipata aibu yake. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba TEA1, mojawapo ya njia zake za usimbaji, ambayo iliruhusiwa kuuzwa nje ya Ulaya, ilikuwa na ufunguo unaodaiwa kuwa wa biti 80 lakini kwa ndani unapunguzwa hadi biti 32, na kompyuta ya kawaida iliweza kuupata kwa chini ya dakika moja. Anayeletewa TETRA leo aulize ni TEA namba ngapi, na jibu liwe la maandishi.

Kisha kuna binadamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kusikiliza redio za P25 za vyombo vya shirikisho vya Marekani katika miji kadhaa, na walichokuta ni kwamba mazungumzo nyeti yalikuwa yakitoka wazi mara kwa mara: swichi imegeuzwa bila mtu kujua, mmoja wa kundi hana ufunguo mpya, wenzake wanarudi kwenye uwazi ili wamsikie. Waliokuwa na redio za gharama kubwa waliamini wamejificha na hawakuwa wamejificha, hali ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko uwazi wenyewe, kwa sababu anayejua kwamba anasikika huchunga maneno.

Funguo zinataka kutunzwa. Redio ikiibiwa au ikidondoka kwenye bodaboda usiku, ufunguo wa redio zote zilizobaki unapaswa kubadilishwa, au iliyopotea izimwe kwa mbali kama mfumo unaruhusu. Nani atafanya hivyo? Kama fundi mwenye kifaa cha kupakia funguo yuko Dar es Salaam, na barabara imekatika upande wa Kilwa kama ilivyotokea baada ya kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, redio ya Nachingwea itabaki na ufunguo uliokwisha kuvuja, au haitasikiana na nyingine kabisa.

Mwananchi anapoteza nini

Redio zikifungwa, anayeumia kwanza ni mwandishi wa habari, na kupitia kwake msikilizaji. Nchini Marekani, Denver ilifunga mwaka 2019, Chicago ikachagua kuchelewesha sauti kwa dakika 30 kabla ya umma kuisikia, New York ikaanza kufunga mwaka 2023, na kila mahali vyombo vya habari vililalamika kwamba sasa vinategemea kile ambacho polisi wataamua kusema na wakati watakaoamua kukisema. Lalamiko hilo ni la haki. Wanaotetea ufungaji hujibu kwamba wasikilizaji nao hukosea, na hilo pia ni kweli: wakati wa kuwasaka walioshambulia mbio za Boston mwaka 2013, majina ya watu wasiohusika yalienea mtandaoni huku wanaoyaeneza wakidai wameyasikia kwenye skana.

Kwetu Mtwara pengo la taarifa halijazwi na skana. Linajazwa na sauti za WhatsApp. Mwezi Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotabiriwa kuja huku na watu wakaambiwa wahamie sehemu za juu, hata kabla hakijaelekea Cabo Delgado, simu zilijaa sauti za watu wasiojulikana zikieleza mambo ambayo hawakuyaona. Kwa hiyo hoja ya uwazi hapa inabidi ivae nguo nyingine. Norway, nchi ambayo wakazi wa Lindi wanaijua kwa habari za gesi ya Likong'o, ilifunga redio za polisi, zimamoto na ambulansi nchi nzima katika mtandao mmoja uitwao Nødnett, uliokamilika mwaka 2015. Mambo mawili ya kule yananivutia. Kwanza, vikosi vyote vitatu vimo ndani ya mlango mmoja, kwa hiyo vinasikiana. Pili, polisi huandika matukio yao hadharani yanapotokea, kwa sentensi fupi: moto mtaa fulani, barabara imefungwa, hakuna majeruhi. Mwananchi hasikii redio, lakini hasubiri mpaka taarifa ya kesho yake.

Kama Kamanda wa Polisi wa Mkoa au ofisi ya zimamoto inataka kufunga, bei ya haki ya kufunga ni hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuomba, lakini ombi la maandishi halimsaidii mtu anayeona moshi juu ya soko na hajui kama apite au arudi.

Ningechagua vipi

Kwa kikosi cha polisi: doria na operesheni zifungwe kwa AES, si kwa kiwango cha chini, na ibaki chaneli moja ya pamoja ambayo zimamoto, hospitali na bandari wanaisikia bila kuomba ufunguo. Kwa zimamoto: eneo la tukio libaki wazi, ikiwezekana kwa analogi, na taarifa za wagonjwa zipite kando. Kwa kampuni ya ulinzi au ghala la chama cha msingi, sioni sababu ya kulipia ufiche mkubwa. Heri fedha hiyo inunue betri za akiba na ripita, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali zaidi, iliyowekwa mahali pa juu, kwa kuwa mtu aliyeko uwanda wa Makonde anasikika mbali, lakini aliyeko bondeni kando ya Ruvuma hasikiki kokote bila ripita. Tofauti ya bei si ndogo: redio moja ya P25 inaweza kufika maelfu ya dola, wakati ya DMR hupatikana kwa mamia. Leseni ya masafa ya TCRA ni lazima kwa wote. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zibandikwe mlangoni, maana mlinzi mwenye redio bora kuliko zote bado atalazimika kupiga simu ikiwa redio yake haifiki popote penye gari la maji.

Muuzaji akikubali masharti, msitie saini siku hiyo. Mchukueni na redio mbili hadi kwenye ghala lenu, mwezi ambao korosho imejaa hadi darini, fungeni milango, mtu mmoja abaki ndani katikati ya magunia na mwingine asimame kituo cha zimamoto. Aliye ndani asome namba za magunia kwa sauti ya kawaida, kwanza redio ikiwa wazi, kisha ikiwa imefungwa, huku mwenzake akiwasha injini ya pampu pembeni yake. Aliye kituoni aandike namba anazosikia. Karatasi hizo mbili ziambatanishwe na mkataba.